Damu Isiyosomwa: Kuharibika kwa Mimba na Wajibu wa Mhakiki

Utangulizi

Yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), atakuwa amekutana na sentensi hii au nyingine inayofanana nayo: mimba ya Paulina inayoharibika mwanzoni mwa hadithi ni ishara ya taifa la Kenya ambalo lilikuwa bado halijawa tayari kuzaliwa. Sentensi hiyo hupewa alama. Nasi tumeitolea alama mara nyingi, na hatukusita. Siku moja katika semina ya uzamili mwanafunzi mmoja aliuliza swali dogo: "Je, kabla ya kuwa ishara, Paulina alitokwa na damu au hakutokwa?" Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Makala haya yametokana na ukimya ule.

Hoja tunayokusudia kuijenga ni kwamba uhakiki wetu una mazoea ya kuipita damu ya mimba changa kwa haraka. Tukiikuta katika matini, ama tunaigeuza kuwa taashira ya jambo kubwa zaidi, ama tunaifanya hukumu ya kimaadili juu ya mwanamke anayetokwa nayo. Njia zote mbili zinaiondoa damu yenyewe machoni pa msomaji. Tutaanza na lugha, kwa kuwa mazoea ya mhakiki huanzia katika maneno aliyoyakuta. Kisha tutaigusa jadi ya ushairi wa Kiswahili na riwaya ya maadili ya miaka ya 1970, ndipo tuje kwa Macgoye na kumlinganisha na Sylvia Plath, mshairi wa Marekani aliyeishi Uingereza. Mwisho tutauliza ni kitu gani ambacho fasihi hizi zote hazijakisema.

Lugha na Mtenda

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi ya mshairi na kazi ya tumbo la uzazi. Shairi hutungwa, mimba nayo hutunga, au hutungwa. Ushanga hutungwa uzini, na hata jipu hutunga usaha. Katika matumizi yote hayo kuna dhana ya kitu kinachojikusanya polepole hadi kikawa kimoja. Wahakiki wetu wamelifurahia jambo hili, na si mara haba kumsikia mtu akiulinganisha utunzi na uja uzito. Hata hivyo ulinganisho huo daima huishia katika kuzaliwa. Hatujauliza kwa uzito ni lugha gani tunayo kwa kilichoanza kutunga kisha kikakatika.

Lugha hiyo ipo, na sarufi yake inafichua mengi. Tuchukue kauli nne zinazosikika kila siku: mimba imeharibika, ameharibu mimba, mimba imemtoka, ametoa mimba. Katika kauli ya kwanza kitenzi kimo katika kauli ya kutendeka. Jambo limetukia na hakuna aliyelitenda. Katika kauli ya pili kiambishi hicho kimeondoka, na papo hapo mwanamke amekuwa mtenda. Hakuna kilichobadilika katika mwili wake. Kilichobadilika ni silabi moja tu, lakini silabi hiyo imemhamisha kutoka kwa aliyepatwa hadi kwa aliyesababisha. Ni jambo la kawaida kumsikia jirani, tena bila nia mbaya, akisema kuwa fulani "ameharibu mimba" ilhali anamhurumia. Huruma imo moyoni, lakini shutuma imo katika sarufi.

Kauli ya tatu ina upole wa pekee. Katika "imemtoka" mwanamke ni mtendwa: amebanduliwa kitu, kama vile mtu anavyotokwa na machozi au na roho. Kauli ya nne inataja tendo la kukusudia, na hapo ndipo tatizo kubwa lilipo, kwa sababu umbali kati ya "imemtoka" na "ametoa" ni mfupi mno masikioni mwa wasikiao. Mwanamke anayefika zahanati akivuja damu katika wiki ya nane hujikuta amesimama katikati ya vitenzi hivi viwili, akingoja kujua watu watamweka upande upi. Mhakiki wa fasihi hawezi kudai kuwa jambo hilo halimhusu. Vitenzi ndivyo mali yake.

Stara na Ukimya katika Jadi

Inajulikana kwamba matini mashuhuri kuliko zote zilizotungwa na mwanamke katika ushairi wa kale wa Kiswahili, utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, yanaanzia kitandani. Mama mgonjwa anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Maradhi gani, hasemi. Masimulizi yaliyowafikia wahariri wa karne ya 20 yanautaja ugonjwa wake kuwa ni wa kutokwa na damu ya uzazi. Masimulizi hayo yako nje ya utenzi, na hatuhitaji kuyategemea ili kuliona jambo la msingi: ndani ya matini mwili wa mtunzi unatajwa kama sababu ya kusema, kisha unafunikwa. Yanayofuata ni dini, adabu, unyumba, na maombi.

Ni rahisi kwa mhakiki wa leo kuuita ufunikaji huo ukandamizaji. Tunaona ni vyema kutua kidogo. Utamaduni wa pwani unaitambua stara kama wema, na stara haina maana ya kukana kwamba jambo lipo. Mwana Kupona hakukana. Alisema wazi kuwa ni mgonjwa, akasema ni kwa muda gani, na akaufanya ugonjwa huo kuwa mlango wa utenzi wote. Aliloliacha ni jina la ugonjwa, na jina hilo binti aliyekuwa kando ya kitanda bila shaka alilijua. Elimu ya damu katika jamii hiyo ilikuwa na mahali pake: kwa somo, kwa kungwi, kwa mkunga, faraghani miongoni mwa wanawake. Haikukosekana, ila haikuandikwa. Tatizo linaanza pale matini yanapotoka katika chumba kile na kuwasomea watu ambao hawana somo wala kungwi. Msomaji huyo wa baadaye hurithi stara bila kurithi elimu iliyokuwa imesitiriwa, na kwake stara inakuwa ukimya mtupu.

Methali nazo zina kasoro hiyo hiyo ya kuanzia katikati ya safari. Tunaambiwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tunaambiwa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tunaambiwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Zote ni kauli zenye hekima, na zote zinachukulia kuwa mwana amekwisha kufika au yumo njiani kufika. Aliyebeba wiki kumi akapoteza hana methali katika orodha hii. Uchungu wake si wa mwana anayejulikana, na jamii haina hakika kama inaweza kumwita mzazi.

Damu kama Hukumu

Riwaya na tamthilia za Kiswahili za miaka ya 1970 ziliivunja stara hiyo, lakini zikaweka kitu kingine mahali pake. Katika Rosa Mistika (1971) Euphrase Kezilahabi alithubutu kuandika juu ya mwili wa msichana kwa uwazi ambao ulizua rabsha na kuifanya riwaya ipigwe marufuku kwa muda mashuleni Tanzania. Utoaji wa mimba umo humo, tena bila kupakwa rangi. Katika Hatia (1972) Penina Muhando aliijenga tamthilia nzima juu ya mimba ya nje ya ndoa na juu ya swali la nani abebe lawama. Jina lenyewe la tamthilia ni neno la mahakamani.

Hatuna nia ya kuzishusha kazi hizi. Kezilahabi, kwa mfano, anagawa lawama kwa upana unaomfikia baba mkali, shule, na wanaume wenye vyeo. Bali tunachotaka kukionyesha ni kwamba muundo wa hadithi ya maadili unailazimisha mimba iwe ushahidi. Ikionekana, kosa limefichuka. Ikiondolewa, kosa limeongezeka. Katika mpango huo hakuna nafasi ya mimba ambayo inakatika yenyewe, pasipo kosa na pasipo funzo. Tukio lisilo na funzo halimfai mtunzi wa hadithi ya maadili, hivyo linaachwa nje, na msomaji aliyekulia katika hadithi hizo hujifunza bila kufundishwa kwamba kila damu ina mwenye hatia.

Hapa inafaa tutaje yale ambayo sayansi ya uganga inayajua. Takribani mwanamke mmoja kati ya wanne huona damu katika wiki 12 za kwanza za uja uzito. Mimba zinazoharibika ni kati ya asilimia 10 na 20 ya zile zilizokwisha kujulikana, na zilizo nyingi huharibika katika wiki hizo hizo za mwanzo. Karibu nusu ya hizo hutokana na kasoro za kromosomu zinazotokea wakati wa kutunga. Kazi za kawaida za nyumbani, hofu ya ghafla, au ugomvi wa maneno si sababu. Na kulala kitandani mchana na usiku hakujathibitika kuizuia mimba isitoke. Aidha, damu peke yake si mwisho: pale mpigo wa moyo unapoonekana, zilizo nyingi katika mimba hizo huendelea. Ni kweli kuwa damu yoyote yapasa kuonwa na daktari, hasa ikiandamana na maumivu makali, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba na kuhatarisha maisha. Lakini mambo haya, yakiwekwa kando ya hadithi zetu, yanaonyesha pengo kubwa. Katika hadithi damu ni uamuzi uliokwisha kutolewa. Katika maisha damu mara nyingi ni swali.

Paulina kabla ya Kuwa Taifa

Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akafika Kenya mwaka 1954, akaolewa katika jamii ya Waluo mwaka 1960, na akaishi Kenya hadi alipofariki mwaka 2015. Wasomaji wengi walimjua kwanza kwa shairi lake "A Freedom Song", ambamo msichana Atieno, mtumishi asiyelipwa katika nyumba ya mjomba wake, anafariki katika uzazi. Miaka baadaye alilirudia suala la mwili wa msichana katika Coming to Birth, riwaya iliyopata tuzo ya Sinclair mwaka 1986.

Riwaya inaanza mwaka 1956. Paulina, mwenye umri wa miaka 16, anafika Nairobi kwa gari la moshi kutoka magharibi mwa Kenya ili aishi na mumewe, Martin. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Mji una vizuizi, na Mwafrika hatembei bila karatasi. Paulina ana mimba. Muda mfupi baada ya kufika, mimba ile inaharibika. Anapelekwa hospitalini, na anapotoka anapotea njia katika mji asioujua. Anaporejea nyumbani anapigwa na mumewe, kwa maana mke aliyelala nje hana maelezo yanayotosha.

Usomaji uliozoeleka unayaunganisha maisha ya Paulina na historia ya Kenya hatua kwa hatua, na riwaya yenyewe inauruhusu. Jina lake linakumbusha sura ya 37 ya kitabu cha Isaya, ambamo mfalme Hezekia anailinganisha siku ya dhiki na mama aliyefika wakati wa kujifungua na hana nguvu. Matukio ya hadharani yametiwa kando ya matukio ya nyumbani kwa makusudi. Mtoto ambaye Paulina anampata baadaye, nje ya ndoa, anauawa kwa risasi Kisumu katika vurugu za mwaka 1969, na hapo historia ya nchi na ya tumbo lake vinakutana bila haja ya taashira yoyote.

Hata hivyo usomaji huo unapata taabu na mimba ya mwaka 1956. Kama ni ishara ya taifa lisilokomaa, basi kwa nini Macgoye anaendelea kumpotezea Paulina mimba nyingine, kwa miaka kadhaa, kiasi cha kumfanya ahesabiwe tasa? Taifa halipotezi uhuru wake mara tatu au nne kimyakimya nyumbani. Marudio haya hayana kazi katika istiara. Kazi yake iko katika uhalisia: ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya wanawake, na ndivyo ndoa inavyolika taratibu kwa jambo ambalo hakuna anayelizungumza. Martin anatafuta wanawake wengine. Paulina anajifunza ushonaji na kazi za maendeleo ya wanawake, anapata mshahara wake, anajitegemea. Wahakiki husema amekomaa. Ni kweli, lakini ni ukomavu uliopatikana kwa kuzungukwa na maswali ya ndugu wa mume kila msimu.

Upotevu wa njia nao unahitaji kusomwa upya. Umezoea kufafanuliwa kuwa ugeni wa msichana wa mashambani mjini. Lakini Paulina anayetembea barabarani siku ile si mgeni tu. Ni mtu ambaye ametoka kupoteza damu na mimba, ambaye hakuna aliyemweleza kilichompata kwa lugha anayoielewa vizuri, na ambaye anatarajiwa kurudi nyumbani kwa miguu yake kana kwamba alikwenda dukani. Macgoye hasemi haya kwa kilio. Anamweka barabarani, basi. Msimulizi wake wa nafsi ya tatu anasimama umbali wa heshima, na umbali huo unafanana kwa kiasi fulani na stara ya Mwana Kupona: jambo limetajwa, na aliye na masikio atasikia. Kinachotakiwa ni msomaji asiyekimbilia taifa kabla ya kumsindikiza Paulina hadi mlangoni.

Sauti ya Pili

Miaka 24 kabla ya riwaya hiyo, mwaka 1962, redio ya BBC ilitangaza Three Women, utungo wa Sylvia Plath wa sauti tatu za wanawake. Plath mwenyewe alikuwa amepoteza mimba mwaka 1961. Sauti ya kwanza ni ya mama anayejifungua na kufurahi. Ya tatu ni ya msichana mwanafunzi anayezaa na kumwacha mtoto. Ya pili ni ya karani wa ofisini ambaye mimba yake inaharibika. Tunautaja utungo huu kwa sababu unatuonyesha kile ambacho nafsi ya kwanza inaweza kukifanya. Karani anaona damu akiwa kazini, miongoni mwa wanaume na mashine za kupiga chapa. Hakuna anayejua. Si mara yake ya kwanza. Anajihukumu yeye mwenyewe, anajiuliza kama amekosea kitu, na ghadhabu yake inapanuka hadi kuwafikia wanaume wa ofisini wenye mipango iliyonyooka isiyo na mwili.

Tofauti na Paulina ni dhahiri. Karani wa Plath ana maneno, tena mengi. Paulina ana barabara. Lakini waandishi hawa wanakutana katika jambo moja ambalo si la kubahatisha. Wote wawili wanakataa kumfanya mwanamke huyu awe mwisho wa kisa. Katika Three Women sauti ya mwisho kusikika ni ya karani, akiwa nyumbani jioni, akishona, akingoja kupona pasipo kudai kuwa amepona. Katika Coming to Birth ukurasa wa mwisho unamwacha Paulina, sasa mtu mzima na akiwa na Martin tena, na mimba nyingine. Riwaya inafungwa kabla ya kuzaliwa kwa mtoto. Wanafunzi wengi huandika kuwa mwisho ni wa furaha. Msomaji aliyeihesabu damu yote iliyotangulia hawezi kuwa na hakika hiyo. Ana matumaini tu, na matumaini hayo yana hofu ndani yake, kama yalivyo ya Paulina.

Muda wa Kungoja

Sasa tunaweza kulitaja pengo lililobaki. Hata katika kazi hizi mbili zenye ujasiri, damu inapoonekana mimba imekwisha. Hakuna hata mojawapo inayokaa ndani ya zile siku ambamo damu imeonekana na hatima haijajulikana: siku za kwenda msalani kwa hofu, za kuhesabu vitambaa, za kuwa na mimba na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja. Siku hizo zina historia yake. Mnamo mwaka 1956 hapakuwa na chombo cha kumwonyesha daktari kama kilicho tumboni ki hai. Makala ya kwanza mashuhuri ya Ian Donald na wenzake wa Glasgow kuhusu kupiga picha kwa mawimbi ya sauti yalichapishwa mwaka 1958, na ilichukua miaka mingi kabla ya chombo hicho kuenea. Kwa vizazi vyote vilivyotangulia, kungoja kulikuwa ndiyo elimu pekee iliyokuwepo.

Huenda ikapingwa kwamba hadithi inahitaji tukio, na kungoja si tukio. Pingamizi hilo lina uzito katika fasihi ya visa vya haraka. Lakini fasihi yetu inajua kungoja. Imewaandikia mabaharia wanaongojewa kusi, wafungwa wanaongoja kesho, wake wa wahamiaji wanaongoja barua. Mbinu haikosekani. Kilichokosekana ni kuamini kwamba anayengoja matone ya damu naye anastahili ukurasa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba damu ya mimba changa imo katika fasihi tunayoifundisha kwa namna tatu: kama siri yenye stara, kama ushahidi wa kosa, na kama taashira ya taifa. Hatupendekezi kuwa taashira ifutwe. Macgoye aliiweka yeye mwenyewe. Tunapendekeza utaratibu. Mhakiki asome mwili kwanza, aijue damu kuwa damu, aangalie kitenzi gani kimetumika na nani amefanywa mtenda, ndipo aulize taifa liko wapi.

Wako wanafunzi katika kumbi zetu za mihadhara ambao wamekaa na swali hili wiki hii hii na hawakumwambia mtu. Wanaposikia mhadhiri akisema kuwa Paulina alipoteza mimba kwa sababu Kenya ilikuwa haijawa tayari, wanajifunza kwamba hata katika kitabu mimba iliyotoka ni lazima iwe na sababu, na kwamba sababu hiyo ni upungufu fulani. Wangesikia jambo tofauti endapo tungewaambia yale ambayo riwaya inayaonyesha wazi: kwamba msichana wa miaka 16 alipatwa na jambo linalowapata wengi, hakulisababisha, akapotea njia kwa kuwa hakuna aliyemsindikiza, na hata hivyo akafika.